Aliyeuliza Jiko Liko Wapi

Gisenyi, Jumamosi alasiri

Mwanangu Keza,

"Ufadhili humfuata anayestahili. Aliyeukosa ajiulize bidii yake ilipungua wapi."

Maneno hayo aliyasema mwenyekiti wa kamati ya wazazi Jumapili iliyopita, ukumbini kanisani, kwenye sherehe ya kukuaga. Aliyasema kipaza sauti kikiwa mkono mmoja na chupa ya soda mkono wa pili, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Ulipiga na wewe. Nikapiga na mimi, mimi ambaye katika mji huu watu huvuka barabara wakiniona ninakuja na gazeti lililokunjwa.

Ni uongo, na ushahidi wa uongo huo ulikuwa umesimama hatua mbili nyuma yake. Aliyemletea soda ile, akaifungua, akaifuta kwa kitambaa kabla ya kumpa, ni dada yako Neema. Neema alimaliza sekondari miaka mitano kabla yako, kwa alama ambazo wewe hukuzifikia. Sisemi hivyo kukuvunja moyo usiku mmoja kabla ya safari. Nasema kwa sababu wewe mwenyewe unajua, ni yeye aliyekufundisha hesabu, akiwa na udongo wa viazi kwenye kucha. Kama bidii ndiyo inayoleta ufadhili, basi aliyekuwa akigawa soda alipaswa kuwa mbele akipigiwa makofi, tena kabla yako.

Ungetarajia ninyanyuke. Nimewanyanyukia wakubwa kuliko huyo. Lakini kumjibu mwenyekiti kungenilazimu nieleze mbele ya watu kwa nini Neema aliukosa, na jibu la swali hilo ni mimi. Basi nikapiga makofi.

Sasa hivi uko Busasamana kwa shangazi yako, unaaga. Neema yuko mpakani, Petite Barrière, anavusha viazi vya watu tangu asubuhi. Nyumba ni tupu, nami nina saa mbili tatu kabla hamjarudi. Sitakuandikia habari za sweta, wala dawa za tumbo, wala namna ya kukaa na wasichana wa watu bwenini. Hayo umeshaambiwa na kila mwanamke wa mtaa huu, na nusu yao hawajawahi kulala nje ya wilaya hii ya Rubavu. Mimi nataka kukuandikia juu ya viti.

Hukumbuki viti vile vizuri, ulikuwa bado mdogo. Neema alikuwa ndiyo kwanza amepata matokeo yake. Watu wa ufadhili wakatuma habari kwamba watakuja kuiona nyumba. Unajua wanavyofanya: hawatoshelezwi na karatasi, wanataka kuona unapolala, unapopika, paa lako linavyovuja. Baba yenu alikuwa na mwaka mmoja kaburini. Mimi nilikuwa nimeshafukuzwa kule nilikofundisha Kiswahili, kwa sababu ya barua niliyomwandikia mkuu wa shule, na nilikuwa nimeweka ile meza yangu karibu na mpaka, ninawajazia wafanyabiashara fomu zao. Ndani tulikuwa na stuli mbili na mkeka.

Jirani yetu Mama Furaha alikuja asubuhi ile akachungulia mlangoni.

"Dada, bageni batakaa wapi? Kwa ile mukeka? Hapana! Ni haya!"

"Watakaa pale tunapokaa sisi," nikamwambia. Lakini nilisema kwa mdomo tu. Mimi nimezaliwa Karagwe, katika nyumba ya wakimbizi, na mama yangu, aliyekuwa hana kitu, alikuwa na kiti kimoja ambacho hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukikalia. Kilikuwa cha mgeni. Nilichapwa mara moja tu maishani, na nilichapwa kwa ajili ya kiti hicho. Kwetu mgeni hakai chini. Anaweza kukukuta una njaa, lakini hakukuti umekosa pa kumkalisha.

"Beba viti yangu," Mama Furaha akasema. "Beba na ile table ya vioo. Na thermos. Lakini mutoto asimwange fanta kwa coussin, bon?"

Tukabeba. Makochi manne ya rangi ya mvinyo na mito yake, meza ya kioo, vitambaa vya kufumwa kwa mkono, birika, vikombe vyenye ukingo wa dhahabu. Neema alibeba upande mmoja wa kochi, mimi upande wa pili, na katikati ya uwanja akasimama.

"Mama, turudishe," akasema. "Wanakuja kutuona sisi. Hawaji kuona viti vya Mama Furaha."

Nilimjibu nini? Nilimjibu kwa hotuba. Nikiwa nimeshika kochi nilimhutubia mwanangu juu ya heshima ya mtu, kwamba umaskini si uchi, kwamba hatutajivua nguo ili tupewe daftari. Maneno mazuri. Bado nayaamini yote. Neema akanyanyua upande wake wa kochi, tukaingia.

Wakaja wanaume wawili, wakakaa, wakazama kwenye makochi. Niliwamiminia chai. Kisha, kwa saa nzima, niliwapiga kwa hoja. Niliwaambia kwamba shule ni haki na si sadaka. Niliwauliza ni nani aliyewapa mamlaka ya kupima dhiki ya mtu kwa kuangalia dari yake. Niliwatajia vitabu. Mmoja alicheka kwa furaha kabisa akasema, "Mama, wewe unaongea kama mbunge!" Nikaona nimeshinda. Mwenzake hakucheka. Alikuwa akiandika. Neema alikuwa amekaa pembeni, hakuulizwa swali hata moja, kwa sababu mimi sikunyamaza.

Barua ya jibu ilikuwa fupi: familia inaonekana ina uwezo wa kumsomesha.

Na unajua mama yako alifanya nini? Hakwenda kwao akasema, "Viti vile si vyetu, rudini mtazame." Hilo lingechukua dakika tano. Niliandika makala. Nilikaa siku tatu nikiandika makala dhidi yao, na ilichapishwa, na mwalimu mmoja wa Mwanza aliniandikia kunipongeza. Neema aliisoma akiwa amesimama mlangoni, pale kwenye mwanga. Alipomaliza akaikunja vizuri.

"Imeandikwa vizuri, Mama," akasema.

Wiki iliyofuata alikwenda mpakani na beseni la nyanya la kuazima. Hajarudi mpaka leo. Analala hapa, anakula hapa, lakini yule msichana aliyesimama mlangoni na gazeti sijamwona tena.

Imenichukua miaka sita kukubali jambo dogo: kila nilichosema siku ile kilikuwa kweli, na aliyeadhibiwa kwa ukweli wangu hakuwa mimi. Nilikuwa na ulimi wa kutosha watu wawili, nikautumia wote peke yangu. Ukiniuliza nimejifunza nini kwa kusoma kwangu kote, ni kwamba mtu anaweza kushinda mabishano katika nyumba ambayo mtoto wake anashindwa, na asisikie, kwa sababu ya kelele za ushindi.

Sasa tufike mwaka jana. Hii unaikumbuka, na ndiyo maana hatujawahi kuizungumza.

Zamu yako ilipofika, nilikuwa nimeapa kwamba sitarudia kosa. Watu wanaoapa hivyo wana hatari, Keza. Hawaachi kosa, wanaligeuza upande wa pili tu. Safari hii sikuazima kitu, nilitoa. Stuli mbili zikatoka. Redio ikatoka. Kisha nikavitazama vitabu vyangu, nikasema moyoni kwamba nyumba yenye vitabu vingi hivi haionekani maskini. Nikavipakia kwenye maboksi matatu. Mama yako, ambaye amewatukana mawaziri kwa kutojenga maktaba, aliificha maktaba yake kwa jirani kama mtu anayeficha pombe.

Mama Furaha alisimama mlangoni kwake, mikono kiunoni.

"We dada, kwani nyumba yangu ni depot? Ule mwaka nilikupatia viti, leo unaniletea mabuku! Donc ukijifanya tajiri vitu inatoka kwangu, ukijifanya masikini vitu inaingia kwangu. Na mi nitapokea wageni siku gani?"

Tulicheka, yeye na mimi. Wewe ulikuwa umebeba boksi la tatu na ulicheka pia. Hicho kilikuwa kicheko cha mwisho cha siku ile.

Kwa sababu kulikuwa na kitu cha nne cha kuondoa. Mtaani walikuwa wakisema, saluni walikuwa wakisema, hata kanisani baada ya ibada wanawake walikuwa wakinong'onezana: wale watu wakijua kuna mtoto mwingine aliyemaliza sekondari, wanakufuta, wanasema nyumba hiyo imeshapata msomi wake. Nikayaamini. Kazi yangu, mwanangu, ni kusoma fomu. Wanawake wa mpakani hunijia ili niwasomee karatasi kabla hawajatia kidole. Kila siku ninawaambia, "Msisikilize watu, sikilizeni karatasi." Na fomu yako ilikuja na kijitabu cha masharti. Nilikipokea, nikasema hawa ninawajua, nikakitia kwenye boksi pamoja na vitabu vingine bila kukifungua.

Asubuhi ile nikamwambia Neema, "Leo usirudi mapema. Kaa huko mpaka jioni." Hakuuliza sababu. Alivaa kanga yake ya kazi, akafunga ile kamba yake kiunoni, akasema, "Sawa." Alikuwa ameelewa yote. Mtoto niliyemlea kwa maneno mengi alinielewa kwa maneno machache kuliko nilivyotaka.

Wakaja watu wa ufadhili, yule mama wa miwani na kijana wa kamera. Tukawakalisha mkekani. Yule mama, nakumbuka, alikaa vizuri, akakunja miguu kama mtu aliyekulia mkekani, na hilo peke yake lingetosha kunionyesha kwamba si lazima nidanganye. Akauliza, "Mama, una watoto wangapi?"

Nikasema, "Huyu tu."

Akakugeukia. "Basi wewe ndiye mtoto wa pekee?"

Ulinitazama. Ningeweza kukuokoa pale. Ningeweza kukohoa, kucheka, kusema nimekosea. Nilikukazia macho. Ukatazama mkeka, ukasema, "Ndiyo."

Nimekuwa nikikumbuka "ndiyo" hiyo kama yako. Si yako. Niliiweka mdomoni mwako kwa macho, na kama kuna siku utasimama mbele za Mungu kuulizwa habari yake, mwambie aniite mimi.

Halafu mvua ikanyesha. Mvua ile ya kutoka upande wa volkano, inayoshuka Bugeshi bila kubisha hodi. Mpakani kazi ikasimama, na Neema, ambaye alikuwa amekwisha kulowa, akafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya. Alirudi kwao. Alikuja na nusu gunia la viazi mgongoni, viazi vya kutulisha sisi, kamba ikiwa kwenye paji la uso, maji yakimtiririka. Akasukuma mlango akatuona sote.

Yule mama wa miwani akasema kwa upole, "Na huyu ni nani?"

Nilisema, "Ni mchukuzi. Anatuletea viazi."

Keza, nimeandika sentensi hiyo sasa hivi na nimelazimika kuweka kalamu chini. Nimeandika sentensi kali nyingi katika maisha yangu. Nimewahi kuitwa polisi kwa sababu ya sentensi. Hakuna iliyowahi kumjeruhi mtu kama hiyo, na niliisema bila kupandisha sauti.

Neema alisimama. Sikuzote nilidhani akikasirika atafanana na mimi. Hakukasirika. Alinitazama kidogo tu, akakutazama wewe, akaelewa kwamba tumekwisha kusema hayupo na kwamba akifungua mdomo utaukosa ufadhili. Akainamisha kichwa kama wachukuzi wanavyoinamisha mbele ya mwenye mzigo.

Akauliza, "Jiko liko wapi?"

Katika nyumba aliyozaliwa ndani yake. Jiko alilosimama kwenye stuli kufikia sufuria, siku ambazo nilikuwa ninaandika na nimesahau kwamba watoto wanakula. Nikanyoosha kidole. Nikamwonyesha mwanangu jiko la kwao kwa kidole. Akapita, akaviweka viazi, tukasikia gunia likigusa sakafu, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma, mvuani. Alikaa kwa Mama Furaha mpaka gari lilipoondoka, akiwa amekaa katikati ya maboksi yangu ya vitabu.

Jioni alirudi, akamenya viazi vilevile, akapika. Tulikula watatu. Wewe uliomba chumvi.

Nami nilijiambia, kama wanavyojiambia wote ninaowapiga vita magazetini: ilikuwa lazima. Mmoja aokoke. Wewe ukipata, utamvuta mwenzako. Na ulipopata, nilifurahi furaha ya kweli, Keza, usidhani nilijifanya. Nilicheza uwanjani. Neema alicheza pamoja nami, na ni yeye aliyekwenda kumwomba Mama Furaha lile sanduku utakalosafiri nalo kesho. Unaona? Hata kuondoka kwako kumeazimwa kwa Mama Furaha.

Jumatano iliyopita nilikuwa natafuta kitabu cha kukupa uende nacho. Boksi la tatu nilikuwa sijalifungua tangu lirudi. Juu kabisa kulikuwa na kile kijitabu cha masharti.

Nikakisoma. Nilikisoma nimekaa chini, mgongo ukutani.

Hakuna sharti kama lile walilokuwa wakinong'ona saluni. Hakuna, hata mstari mmoja. Wanauliza idadi ya ndugu kwa sababu nyingine kabisa: ndugu wa mwanafunzi aliyechaguliwa, kama alimaliza sekondari akakosa nafasi ya kuendelea, anaweza kuomba nafasi yake mwenyewe kupitia faili la ndugu yake, na jina lake litafikiriwa kwanza. Mpaka atakapotimiza miaka ishirini na mitano. Neema anaitimiza kabla ya Krismasi.

Kumbe yule mama aliposema "una watoto wangapi," alikuwa na nafasi mbili mkononi. Nami nikamjibu, "Huyu tu."

Basi, hili ndilo jambo lenyewe, nakuwekea wazi ili usije ukasema baadaye kwamba mama alizungukazunguka. Neema hawezi kuomba, kwa sababu katika faili lako Neema hayupo. Ili awepo, lazima mtu aseme kwamba tulidanganya. Na kijitabu hichohicho, ukurasa wa mwisho, kinasema atakayebainika kutoa habari za uongo anaweza kuondolewa. Anaweza. Sijui kama wataondoa au hawataondoa. Nimesoma mstari ule mara nyingi kama mtu anayetafuta mlango ukutani.

Nilimwambia Neema usiku uleule. Alikuwa anaosha miguu kwenye beseni.

"Mama, acha tu," akasema. "Mtoto aende kwanza. Msimharibie."

"Na wewe?"

"Mi nishazoea."

"Umezoea nini?"

Akacheka kidogo, kile kicheko cha mpakani, cha watu waliokwisha kusukumwa sana kwenye foleni. "Nimezoea kupita nyuma. Mama, we mwenyewe ulinionyesha njia na kidole."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mzaha, akaendelea kuosha miguu. Ingekuwa heri angenitupia lile beseni.

Najua utakachosema. Utasema, mama anataka kutua mzigo wake na kunitwisha mimi. Miaka sita hakufungua mdomo, leo sanduku liko mlangoni ndiyo anakumbuka ukweli. Huenda una haki. Nimejichunguza kwa siku tatu na sijui ni kiasi gani cha barua hii ni mapenzi kwa dada yako na kiasi gani ni mwanamke anayetaka kulala usingizi. Nilifikiri hata nikungoje upande ndege kwanza, kisha niwaandikie. Ukiwa umefika ng'ambo hawatakurudisha kirahisi. Nilishaanza kuipanga barua hiyo kichwani, na nilipofika aya ya pili nikaitambua sauti. Ilikuwa sauti ile iliyosema "ni mchukuzi." Ilikuwa na hila ileile, tena safari hii na mwandiko mzuri.

Nikafikiri pia nikupe barua ya kumpa yule mama wa miwani, anayekuja kesho na gari kukuchukua. Nikaichana. Watoto wangu wamebeba vya kutosha. Ya kwangu nitaisema kwa mdomo wangu, mbele yake, kabla gari halijawashwa: kwamba uongo ni wangu, kwamba ulikuwa mtoto na nilikukazia macho, kwamba kama kuna jina la kufutwa wafute langu katika kila karatasi waliyonisainisha. Nitasema kwa kifupi. Nakuahidi sitawahutubia. Itakuwa hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa, na ya kwanza ambayo ninaiogopa.

Lakini kuna sentensi moja ambayo siwezi kukusemea.

Juzi nilikusikia kupitia ukuta ukijifunza ile hotuba yako ya kujitambulisha kwa wenzako. "Mimi ni mtoto wa pekee wa mama mjane." Ulikuwa unairudia, mara kwa sauti ya juu, mara kwa sauti ya chini, unatafuta inavyopendeza. Neema alikuwa chumba hichohicho, anakupigia pasi. Nilisikia pasi ikisimama. Kisha nikasikia inaendelea.

Wale watu watakutaka uisimulie shida yako mara nyingi, mwanangu. Kwenye majukwaa, mbele ya watu wenye kadi shingoni, wenye moyo mwema wengi wao. Watalia, na utaona kwamba machozi yao yanakuja haraka zaidi pale unapojifanya mpweke. Mimi sikukatazi kusimulia. Nakuambia tu nilichokiona kwa macho yangu: tulipunguza mtu mmoja ili hadithi ipendeze, na mtu huyo alikuwa anapita nyuma yetu na gunia.

Kesho saa moja asubuhi gari litasimama pale chini, barabara ya lami, kwa sababu kwetu halifiki. Najua itakavyokuwa. Neema hatakubali ubebe sanduku. Atalitia kichwani kabla hujamaliza kunywa chai, atatangulia mbele kwa ule mwendo wake wa haraka, na atafika garini kabla yetu. Yule mama wa miwani atashuka. Atamwona msichana mwenye kanga ya kazi na sanduku kichwani, na atamkumbuka, maana ana macho ya kukumbuka. Atadhani ni yule mchukuzi wa viazi. Huenda hata akamshukuru.

Wamekuita kiongozi wa kesho. Basi kesho yenyewe ni hiyo, Keza. Haina jukwaa wala kipaza sauti. Ina udongo na pengine mvua.

Unaweza kunichukia. Unaweza kuichoma barua hii kwenye jiko lile ambalo nililionyesha kwa kidole. Unaweza kupanda gari bila kunipa mkono, na nitabaki pale nikikupungia kama mama yeyote. Ila hili nakutaka ulifanye, na sikuombi, nakutaka: kabla sijafungua mdomo wangu, kabla mtu yeyote hajamwambia "asante, weka hapo," mfikie dada yako. Mtue lile sanduku kichwani kwa mikono yako miwili. Mshike bega umgeuze kwa yule mama, umwambie, "Huyu ni dada yangu. Anaitwa Neema."

Mama yako